Karatasi Isiyo na Tarehe

Mkimbizi husoma tarehe kabla ya kusoma jina. Nipe karatasi yoyote, jicho langu litashuka chini, pale penye muhuri, kutafuta imeanza lini na inaisha lini. Hilo hatukufundishwa shuleni. Tumefundishwa na karatasi ya kusubiri hadhi, na kadi ya ukimbizi, na barua ya kukupeleka hospitali nyingine ambayo ikipitwa na siku unaambiwa urudi ulikotoka. Ukifika dirishani na karatasi iliyokufa, anayerudishwa ni wewe, si karatasi.

Basi leo nataka kuzungumza juu ya karatasi moja ambayo karibu hakuna anayeiwekea tarehe: kipeperushi cha kutangaza programu za kompyuta za bure. Najua wengine mtasema, huyu naye ametoka wapi na mambo ya kompyuta, watu wanatafuta posho. Nivumilieni kidogo. Tutafika kwenye posho pia.

Ninaishi Bugembe, kilomita chache kutoka Jinja mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Iganga. Kwa wenzangu wa Nakivale na Kyangwali ambao hamjafika huku mashariki, ni mji wa barabarani. Malori ya kutoka Malaba na Busia yanapita usiku na mchana. Kuna kanisa kuu la Waanglikana, na hapa ndipo yalipo makao makuu ya ufalme wa Busoga. Tangu Julai 2020, Jinja ilipopandishwa kuwa jiji, na sisi tumehesabiwa ndani yake, ingawa matope yetu bado hayajapata hiyo habari. Wenyeji wanasema Lusoga na Luganda. Kiswahili unakisikia kwa madereva wa Kenya, kwa askari, na kwetu sisi Wakongomani wachache tuliotoka kambini kufuata kazi. Kazi yangu ni ya duka la fotokopi: kuchapa, kuskani, kulamineti, kujaza flashi za watu. Jumamosi mchana ninajitolea na kikundi kidogo cha vijana, wenyeji na wakimbizi pamoja. Tunaweka meza, tunawawekea watu programu huria kwenye kompyuta zao, hatudai kitu.

Programu huria, kwa asiyeijua, ni programu ambayo mwenyewe amekuachia ruhusa nne: uitumie kwa kazi yoyote, uifungue uone inavyofanya kazi, uinakili umpe jirani, na uibadilishe kisha uwagawie wengine hayo mabadiliko yako. Umeshakutana nazo. Mfanyakazi wa shirika aliyekuja kuhesabu kaya yako akiandika kwenye simu kwa KoboCollect alikuwa ameshika programu ya namna hiyo. Filamu unayoiangalia kwa VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ni hiyo hiyo. Nyingi ya programu hizi hazina kampuni ya kuzilipia matangazo redioni. Wanaozitangaza ni watu kama sisi, na silaha yetu ni karatasi.

Nilipojiunga na kikundi mwaka 2022 nilikabidhiwa boksi. Lilikuwa boksi la biskuti, limejaa vipeperushi na stika za miaka zaidi ya kumi, vilivyoachwa na wanafunzi waliojitolea kabla yetu, wakamaliza chuo, wakatawanyika. Niliyamwaga yale makaratasi sakafuni nikayapanga kwa umri.

Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Ubuntu. Ilisema: andika anwani yako, utaletewa CD kwa posta, bure. Na ilikuwa kweli. Miaka ile CD zilisafirishwa mpaka Afrika na mtu halipi hata senti. Lakini huduma hiyo ilifungwa Aprili 2011. Mtu angeisoma karatasi hiyo leo angekaa akiisubiri posta mpaka ndevu ziote mvi.

Ya pili ilitangaza Ubuntu toleo la 12.04. Kwa wasiojua, namba hizo ni mwaka na mwezi: Aprili 2012. Ilisema inaingia kwenye CD moja, inatunzwa hadi 2017, inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya zamani. Siku ile ilikuwa hivyo. Leo faili la Ubuntu linakaribia GB 6, na CD inabeba MB 700. Na yale maneno "kompyuta yoyote ya zamani" yameisha nguvu. Tangu 2017 Ubuntu haitoi tena toleo la kawaida la mezani kwa mashine za biti 32, zile zenyewe ambazo wafadhili walizimwaga kwa wingi mashuleni. Debian ilizishikilia zaidi, lakini mwaka 2025 nayo ikaacha kutoa toleo la kuziwekea upya.

Ya tatu ilikuwa bango la OpenOffice. Nitalirudia.

Ya nne ilikuwa nzuri, karatasi ya kung'aa, rangi zote. Chini yake hapakuwa na simu, hapakuwa na mahali. Palikuwa na maneno haya tu: tufuate Facebook. Mnaokaa Uganda mnajua kilichofuata. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini. Intaneti nyingine ilirudi baada ya uchaguzi, Facebook haikurudi nayo. Mwenye ujanja alipita kwa VPN. Mama wa sokoni aliyenunua bando la elfu moja ili awatafute hao vijana alipata duara linalozunguka.

Nataka mwelewe jambo moja. Katika boksi lile sikuona uongo. Kila karatasi ilikuwa ya kweli siku ilipochapwa. Ukweli ndio uliohama, karatasi ikabaki.

Sasa nirudi kwenye bango la OpenOffice, maana ndilo lililonifanya niandike.

OpenOffice ni programu ya kuandikia barua, kupiga hesabu za majedwali, kutengeneza maonyesho. Sisi waongeaji wa Kiswahili tuna historia nayo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni moja ya Kiswidi, waliitafsiri wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Hebu fikiria: unafungua kompyuta, menyu inakuambia "Faili" na "Hariri" kwa lugha ya mama yako. Watu walijivuna, na walikuwa na haki.

Lakini Septemba 2010 wengi wa waliokuwa wakiitengeneza waliondoka, wakachukua msimbo, kwa sababu ruhusa wanayo, wakaanzisha LibreOffice. Mwaka 2011 jina la zamani lilikabidhiwa kwa Wakfu wa Apache. Toka hapo nguvu kubwa ya kazi ikawa upande wa LibreOffice. Jina la zamani likabaki kwenye kuta. Na OpenOffice haikufa, ndiyo shida yenyewe. Ukiitafuta unaipata, unaipakua, inafunguka, inafanya kazi. Ina kasoro moja ambayo huioni mpaka siku ya siku: faili la docx inalifungua, lakini haiwezi kulihifadhi kwa docx. LibreOffice inafanya yote mawili.

Mwaka 2023 dada mmoja, Mkongomani kama mimi, alikuja likizo kutoka kambini kukaa kwa shangazi yake hapa Bugembe. Alikuwa amemaliza sekondari na alama nzuri, anaomba nafasi ya masomo. Ukutani pa duka moja la intaneti mjini aliona lile bango la OpenOffice: bure, halali, haina virusi, inafungua faili zote za ofisi. Shangazi anauza chapati. Akatoa hela ya bando, mtoto akapakua, akaweka kwenye laptopu ya kuazima.

Fomu ilikuja kwa docx. Ilisema: jaza, hifadhi kwa docx, tuma kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Aliijaza siku mbili, kila sentensi akiipima. Akifika kwenye kuhifadhi, docx haimo kwenye orodha. Ikatoka faili ya odt. Basi akafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya akiwa peke yake saa tisa na nusu ya siku ya mwisho: akafuta zile herufi tatu za mwisho wa jina la faili, akaandika docx kwa mkono. Akatuma. Jumatatu jibu likaja: faili limeharibika, halifunguki, na muda umepita.

Kubadilisha jina la faili ni kama kubadilisha kofia. Kichwa ni kile kile. Lakini nani alimwambia? Bango halikumwambia.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye meza yetu. Alikuwa amelibandua lile bango ukutani, akaliweka mbele yangu, kona zake bado zina gundi.

"Kaka, hii ni yenu?"

"Ni ya watu waliotutangulia, dada."

"Hao waliotangulia hawakuacha mrithi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichukua flashi nikamwekea LibreOffice. Ilichukua dakika kama kumi. Tulifungua fomu yake, tukaihifadhi kwa docx, tukaifungua kwenye kompyuta ya duka, ikakaa sawa mpaka nukta ya mwisho. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe ilikuwa kitu kidogo hivi."

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza nani analipa karatasi ikizeeka. Mwenye intaneti ya nyumbani hailipi. Akisoma kipeperushi cha zamani anajaribu, akikuta hakifanyi kazi anatafuta kingine, amepoteza dakika tano. Mtu wetu ana jaribio moja. Bando ni moja, nauli ya taksi ni moja, laptopu ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka kesho. Yeye ndiye tuliyemwandikia kipeperushi, tukisema bure, bure, bure. Na yeye ndiye anayelipa bei kamili kikiwa kimepitwa.

Kuna bei nyingine ambayo mkimbizi anaijua zaidi. Pale mjini kuna wanaouza Windows ya kunakili kwa hela kidogo, na wakiona karatasi zetu wanacheka: "Vitu vya bure ndivyo vilivyo." Mwenyeji akitoa karatasi mbovu watu husema karatasi ni mbovu. Mimi nikiitoa, watasema wakimbizi wanadanganya watu. Karatasi yangu inabeba zaidi ya programu. Inabeba na wale wote wanaoongea kama mimi.

Kwa nini basi karatasi za zamani zinabaki? Kwa sababu siku ya kuchapa ni siku ya furaha. Kuna fulana, kuna picha, kuna soda. Siku ya kubandua haina picha. Na hapa naomba ruhusa niwaambie kitu wasomaji wetu wa mashirika, kwa heshima. Ripoti zenu zina mstari wa vipeperushi vilivyosambazwa. Sijawahi kuona mstari wa vipeperushi vilivyoondolewa. Tembeeni kwenye ubao wa matangazo wa zoni yoyote. Utakuta nembo ya mradi uliofungwa, na simu ya bure ya kupigia malalamiko ambayo ukiipiga inasema namba haipatikani. Mwenye malalamiko ameshatoka kwake, ameshapata ujasiri, ameshaazima simu. Hatapiga tena.

Na posho niliyowaahidi ndiyo hii. Aprili 2020 mgao wa chakula Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Bango lolote la mgao la kabla ya hapo lililobaki ukutani lilikuwa linaonyesha chakula ambacho hakipo. Mama anasoma kilo, anapewa nyingine, anadhani mgawaji kamwibia. Mmeshawahi kuona ugomvi unaoanza hivyo? Mimi nimeuona. Wawili wote walikuwa wakisema kweli, kila mmoja na karatasi yake.

Kwenye kikundi chetu tulibishana. Kuna mwalimu mmoja mstaafu, Msoga, mtu wa makamo aliyetuzidi sote kwa miaka na kwa uvumilivu. Nilipopendekeza tuvue karatasi zote za zamani mjini, akakataa.

"Karatasi kuukuu ni bora kuliko ukuta mtupu," akasema. "Mimi niliijua Linux kwa karatasi kama hizo."

"Mzee, lakini ile CD haiji tena."

"CD haiji. Lakini ile habari kwamba programu inaweza kuwa mali ya watu wote, hiyo imezeeka?"

Hapo mzee alinikamata. Haijazeeka. Zile ruhusa nne ziko vile vile. Karatasi ya 2012 iliyosema unaweza kuinakili na kumpa jirani bila kuvunja sheria ni ya kweli hadi leo. Tukagundua kwamba kila kipeperushi ni karatasi mbili zilizogandishwa pamoja: moja inasema kitu kinachokaa, nyingine inasema kitu kinachooza. Zikichapwa upande mmoja, ya pili inaiozesha ya kwanza.

Basi tukazitenganisha. Upande wa mbele wa vipeperushi vyetu sasa una yale yanayokaa: programu huria ni nini, ruhusa zake ni zipi, kwa nini hulipi. Huo tunauchapa kwa rangi, mara moja, nakala nyingi. Upande wa nyuma una yanayooza: toleo, siku za meza, simu, aina ya kompyuta. Huo tunaupiga fotokopi nyeusi, nakala 30 kwa mara moja, shilingi mia mbili kila moja. Zikiisha tunaangalia upya kabla ya kupiga nyingine. Na chini kuna muhuri: IMEANGALIWA, na mwezi, na mwaka. Halafu: BAADA YA MIEZI SITA ULIZA KWANZA. Muhuri tulichongesha mjini. Vijana walicheka, eti tumekuwa ofisi. Lakini wazee wa Kikongomani wakiupokea ule mkaratasi wanatazama muhuri kwanza, wanatikisa kichwa, ndipo wanasoma. Sisi ni watu wa muhuri.

Kilichotusumbua zaidi ni kitu ambacho sikukitegemea. Tulitaka kulisahihisha lile bango la OpenOffice: kubadilisha jina, kuongeza sentensi moja juu ya docx, basi. Haikuwezekana. Lilikuwepo kama picha tu, na nakala moja ya PDF. Faili la asili, lile ambalo unaweza kulifungua ukafuta neno ukaandika lingine, lilikuwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi aliyeondoka miaka mingi. Ona maajabu hayo: programu ni huria, kila mtu anaweza kuibadilisha, na karatasi inayoitangaza imefungwa kama jiwe. Tuliiandika yote upya kwa Inkscape. Sasa faili la asili linakaa kwenye folda moja na fonti zake na picha zake, kwenye flashi tatu kwa watu watatu, na leseni yake imeandikwa chini: CC BY-SA. Maana yake mtu wa Kyangwali anaweza kuchukua kipeperushi chetu, akafuta simu yetu akaweka yake, akatafsiri kwa Kinyabwisha au Kilendu, haombi ruhusa kwa mtu. Anatakiwa tu aseme kimetoka wapi, na chake nacho akiache wazi hivyo hivyo.

Mengine tuliyojifunza ni madogo lakini yanafaa. Simu iliyo kwenye karatasi ni ya kikundi, si ya mtu, mtu anahama. Hatuandiki mtandao mmoja peke yake. Tunaandika na mahali na siku, kwa sababu meza haizimwi na serikali. Hatusemi tena "inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote". Tunasema "lete kompyuta yako tuitazame". Na namba za matoleo tunaziogopa. LibreOffice yenyewe ilikuwa inahesabu 7.5, 7.6, halafu mapema 2024 ikarukia 24.2, kwa kufuata mwaka na mwezi. Aliyechapa "toleo jipya la 7" kwenye karatasi elfu moja ana karatasi elfu moja za kufungia karanga.

Na tuna daftari la kuta. Ukuta wa duka, wa shule, wa kinyozi, wa steji ya boda, kila mmoja una mstari wake: tumebandika lini, nani anautazama. Zilipofika 23 nikasema tusizidishe. Kila miezi mitatu tunagawana, tunatembea. Ukuta ambao hakuna wa kuurudia hatuubandiki.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka jana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa watu wa kawaida. Kompyuta nyingi za huku, zile za mitumba, haziwezi kupanda Windows 11. Watu wa KDE na wenzao wa programu huria duniani walianzisha kampeni ya End of 10, kuwaambia watu kwamba mashine hizo bado nzima, ziwekewe Linux. Na sisi tukatengeneza kipeperushi chetu kwa Kiswahili. Kilisema: "Utunzaji wa Windows 10 utakoma tarehe 14 Oktoba."

Mnaona tatizo. Kesho yake kile kipeperushi ni cha zamani. Kwa Kiswahili ni silabi moja tu: "utakoma" iwe "ulikoma", ta iwe li. Lakini mtu akisoma "utakoma" mwezi wa Desemba anajiuliza ni Oktoba ipi, ya mwaka ujao labda, nina muda. Na kulikuwa na jambo la pili. Microsoft ilitoa nafasi ya kujiandikisha kupata viraka vya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Kijana mmoja wetu alitaka tuandike kwamba hakuna msaada kabisa, ili watu wahame haraka. Mwalimu akasema, "Hapana. Tukiwatisha kwa uongo, watakaporudi hatutakuwa na la kuwaambia." Tukaandika yote mawili, na tarehe zote mbili.

Fotokopi mpya tulizipiga usiku wa Jumanne hiyo ya 14. Jumamosi ya 18 tulitembea kuta 23, kutoka Bugembe hadi mjini, tukabandua ta tukabandika li. Mvua ilitupiga njiani. Hakuna aliyetupiga picha. Kwa kinyozi mmoja tulikuta mteja amesimama anaisoma ile ya zamani. Tukaivua mbele ya macho yake, tukampa mpya mkononi. Akauliza, "Hiyo ina tofauti gani?" Tukamwambia. Akasema, "Kwa neno moja tu mmetembea kutoka Bugembe?" Ndiyo, kwa neno moja.

Yule dada aliomba tena mwaka uliofuata, akapata. Sisemi ni kwa sababu ya LibreOffice. Ni kwa sababu ya alama zake. Miezi 12 aliyokaa akisaidia kukanda unga wa chapati hakuna wa kumrudishia. Alipokuja kuaga alituletea chapati sita kwenye gazeti, akaomba vipeperushi vya kupeleka kambini. Nilimpa 30. Akavigeuza kimoja kimoja kutazama mihuri. Viwili vilikuwa vya miezi minane iliyopita. Alivitoa, akavirudisha mezani.

Kuna karatasi moja sijaifikia bado. Iko Walukuba, juu ya nguzo ya umeme, ndani ya plastiki iliyolaminetiwa vizuri sana hata mvua haijaigusa. Ni ile ya CD ya posta. Aliyeibandika alikuwa mrefu au alikuwa na ngazi. Ukipita huko nawe una ngazi, ivue. Na ukiwa kambini, anza na ubao ulio karibu na bomba lenu la maji. Soma chini kabla ya juu. Isiyo na tarehe, tafuta mwenyewe umuulize. Asipopatikana, umeshapata jibu.